Bima ya Mazishi Huuzwa kwa Kusikiliza

Mtu akifariki Nairobi asubuhi, kufikia jioni kundi la WhatsApp limeshafunguliwa kwa jina lake, mweka hazina ameshateuliwa na namba ya kutuma mchango kwa M-Pesa imeshasambaa. Kamati ya mazishi hukutana kila jioni na bajeti husomwa kwa sauti: mochwari, jeneza, gari la kusafirisha mwili, basi la waombolezaji, hema, viti, ng'ombe wa kuchinjwa. Kama nyumbani ni Siaya, mwili una safari ya takriban kilomita 400, na kila siku ambayo mchango haujatimia ni siku nyingine ya kulipia mochwari. Marafiki huchanga msiba wa kwanza, huchanga wa pili, na ukija wa tatu ndani ya mwezi huohuo simu huanza kuzimwa.

Bima ya mazishi iliundwa kwa ajili ya siku hizo. Familia hulipa kiasi kidogo kila mwezi au mara moja kwa mwaka, na mmoja wa waliotajwa kwenye mkataba akifariki, kampuni hutoa fedha zilizokubaliwa. Kampuni nyingi za Kenya huahidi kulipa ndani ya saa 48 tangu zipokee hati zote, kwa sababu pesa za mazishi zikifika baada ya mazishi hazina kazi. Kwa kawaida mkataba huwa wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha salama, hakuna kinachorudishwa, na anayetaka kuendelea hulipa upya. Mkataba huweza kumkinga mwenye kulipa, mwenzi wake na watoto, na mara nyingi wazazi na wakwe pia, ingawa wazee huwekewa kikomo cha umri.

Kuieleza bima hii ni kazi ya dakika tano. Kuiuza ni shida, na shida haiko kwenye bei. Kumtajia mtu kifo cha mama yake aliye hai ni uchuro. Mteja anayekunja uso pale wakala anapoanza na "tuseme mzee amefariki" anaielewa bima vizuri sana. Kinachomuudhi ni adabu iliyovunjwa. Ninafundisha mawakala kazi hii, na jambo ninalopigania kila darasa ni kuwaondolea kauli ya vitisho: "Ukifa leo, watoto watakuzika na nini?" Kauli hiyo huleta saini, hilo sikatai. Lakini saini iliyotokana na hofu hudumu miezi michache, kisha malipo hukatika, na mtu hubaki akiamini kwamba bima yote ni biashara ya kutisha watu.

Njia iliyo bora ni kuanza na msiba uliokwisha kupita. Huo hauna uchuro, na kila nyumba inao. Nilimsikiliza wakala mmoja kijana akizungumza na mama muuza samaki sokoni, upande wa mashariki ya Nairobi. Alinunua omena kwanza, akangoja wateja wapungue, ndipo akauliza: "Mama, msiba wa mwisho mliousimamia nyumbani kwenu, mzigo mkubwa ulikuwa wapi?"

Mama aliweka kisu chini. "Mwanangu, mzigo ulikuwa mochwari. Baba mkwe alilala huko wiki tatu. Kila tukifikisha pesa, deni nalo limeongezeka."

"Na nani alikuwa akizunguka kutafuta?"

"Mimi. Wenye baba walikuwa wanapiga simu tu."

Fomu ilikuwa mfukoni mwa kijana na hakuitoa siku hiyo. Alichokipata kwa maswali mawili kilikuwa na thamani kubwa kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya kampuni. Alijua sasa kwamba hofu ya mama huyu haikuwa kifo chake mwenyewe. Hofu yake ilikuwa kubeba peke yake mazishi ya upande wa mume, na mama mkwe bado yuko hai kule Bondo. Mkataba usiomtaja mama mkwe haungemfaa kitu. Wakala asiyeuliza angemuandikia yeye na watoto wake, akaenda zake akijisifu.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo wauzaji wa Marekani hawalijui sana. Kule bima ya aina hii huuzwa hasa kwa wazee wenyewe, walio kati ya miaka 50 na 85, kwa viwango ambavyo mara nyingi huwa kati ya dola 5,000 na 25,000, na mkataba ni wa maisha yote. Mzee hununua kwa sababu hataki kuwaachia watoto deni, na Hifadhi ya Jamii ya serikali hutoa dola 255 tu mtu akifariki. Wakala huketi jikoni na yuleyule atakayezikwa. Kwetu mnunuzi mara nyingi ni mtoto mwenye kipato mjini, naye anayehusika yuko kijijini na hajui kwamba jina lake limeandikwa popote. Kwa hiyo ukaribu na mteja mmoja hautoshi. Wakala mzuri huuliza ndugu wako wangapi, nani husikilizwa kikao kikikaa, na nani mwingine atajua kwamba bima hii ipo. Mwenye mkataba akifariki yeye mwenyewe bila kumwambia mtu, mkataba hulala kabatini na kamati huchangisha kana kwamba haupo.

Swali la nani atazika nalo si dogo. Wakenya wa rika langu wanaikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi; ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano mahakama ikisikiliza, hadi ukoo uliposhinda na maziko yakafanyika Mei 23, 1987. Bima haiwezi kumaliza mgogoro kama huo, maana kampuni humlipa aliyeandikwa kuwa mnufaika, basi. Lakini wakala aliyekaa na familia anaweza kuuliza mapema: atakayepokea hizi pesa ndiye atakayesimamia mazishi? Kama sivyo, wanaelewana? Nimeona familia zikinyamaza kwa muda mrefu mbele ya swali hilo, kisha zikabadilisha jina kwenye fomu.

Ukishuka Pwani, mazungumzo yanabadilika kabisa. Muislamu huzikwa haraka, aghalabu siku hiyohiyo au ya pili yake, kwa sanda. Wakala anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa akianza kuorodhesha bei za jeneza na siku za mochwari ameshawaambia wenyeji kwamba hajui ameketi barazani kwa nani. Mzigo wa pale uko kwingine: watu wanaokuja kuhani na kulishwa, hitima, na mjane anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi huku nyumba ikihitaji kula. Tena kuna swali la riba na la kuuziana jambo lisilojulikana, ambalo wengi hawalichukulii kwa mzaha. Kwa hao kuna takaful, ambapo washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana. Takaful Insurance of Africa inaifanya kazi hiyo Kenya tangu 2011. Wakala asiye na bidhaa hiyo ambaye humwelekeza mteja kwa mwenye nayo hupoteza kamisheni moja, lakini atakaribishwa tena mtaa ule.

Zamani ukaribu wa wakala na mteja ulikuja wenyewe. Kampuni ya Prudential ya London ilipoanza kuwauzia wafanyakazi wa kipato cha chini bima ndogondogo mwaka 1854, wakala alipita nyumba kwa nyumba kila wiki kukusanya senti. Alijua nani anaumwa na nani kapata mtoto. Leo malipo huenda kwa simu, na hakuna kinachomlazimisha wakala kurudi. Lazima arudi kwa hiari yake, na wengi hawarudi.

Kabla ya kuondoka na saini, kuna la kusema hata kama linauma. Mikataba mingi ina muda wa kusubiri: kifo cha ugonjwa kikitokea ndani ya miezi ya mwanzo iliyotajwa, hakilipwi, ingawa kifo cha ajali kwa kawaida hulipwa. Hili lisemwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa mteja, na aombwe alirudie kwa maneno yake. Mteja aliye na mgonjwa mahututi nyumbani aambiwe ukweli palepale, hata akighairi.

Halafu kuna majina. Mama anayejulikana kijiji kizima kama Mama Atieno, kwenye kitambulisho ana jina la ubatizo na la babake, na tarehe ya kuzaliwa iliyokadiriwa. Mtoto huandika fomu kwa jina analolijua. Siku ya msiba jina la kwenye kibali cha mazishi halilingani na la kwenye mkataba, na zile saa 48 huwa wiki mbili za kuapa viapo. Wakala anayesisitiza kuona kitambulisho huonekana msumbufu, lakini mimi namhesabu kuwa ndiye anayempenda mteja wake. Vivyo hivyo mke wa pili na watoto wake: waulizwe kwa heshima, waandikwe, au mteja aseme wazi kwamba hawamo.

Simu ya msiba ikija usiku, wakala aipokee. Aseme pole, asikilize, kisha aeleze taratibu kinachotakiwa: kibali cha mazishi, nakala za vitambulisho, fomu ya madai. Azifuate hati mwenyewe ikibidi. Akiweza ahudhurie matanga, atoe rambirambi yake kama jirani. Wanaokwenda matangani na fulana za kampuni wakigawa vipeperushi wanaidhalilisha kazi yetu, na wakubwa wao wakomeshe jambo hilo.

Ukaribu una hatari zake pia, hasa za pesa. Mteja akishamwita wakala "mwanangu," humtumia ada kwenye simu yake binafsi na kusahau risiti. Wakala asikubali. Ada iende moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya kampuni, na mteja aweke ujumbe wa uthibitisho. Habari za ugonjwa na za ndoa alizozisikia nyumbani mwa watu zisivuke kizingiti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022.

Basi wakala akija kwako, mkaribishe, kisha umtake akuonyeshe leseni yake ya mamlaka ya bima, yaani IRA ukiwa Kenya au TIRA ukiwa Tanzania. Muulize muda wa kusubiri ni miezi mingapi na wapi umeandikwa. Muombe akuunganishe na familia moja iliyokwisha kulipwa kupitia kwake, na iliyo radhi kuzungumza nawe. Angalia pia kama kabla ya kutoa fomu amekuuliza nyumbani kwenu mnazika vipi, na nani hubeba mzigo. Kama hajauliza, usitie saini siku hiyo.