Kupigiwa Taa si Kupewa Njia

Kila darasa jipya la madereva wa bodaboda lina mtu wake. Kwa kawaida ameshaendesha miaka kadhaa bila leseni, ameletwa na mwenyekiti wa kijiwe au na mwenye pikipiki aliyechoka kulipa faini, na kabla sijafika katikati ya somo la kwanza anainua mkono: "Mwalimu, mtu akinipigia taa au akinipungia mkono, maana yake nipite, siyo?"

Siyo. Swali hili nimelijibu kwa ubao, kwa mchoro wa chaki sakafuni na kwa vizibo vya soda juu ya meza, na bado linanifuata kwenye simu, kijiweni, hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi, ili nikiulizwa tena nitoe gazeti mfukoni.

Tuanze na taa. Mchana kweupe, barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, gari linalokuja mbele yako linapiga taa mara mbili. Huenda dereva anakwambia kuna trafiki na tochi baada ya kona, shusha mwendo. Huenda ameona stendi yako ya pembeni inaning'inia, au kanga ya abiria wako imeanza kucheza karibu na mnyororo. Huenda anakusalimu kwa sababu amekufananisha na shemeji yake. Huenda anasema, "Pita, nakusubiri." Na huenda anasema, "Nimeshaanza kuovateki, toka kwenye lami." Hizo mbili za mwisho, ukizichanganya unakufa, lakini taa ni ileile, mara mbili, kwa kidole kilekile. Anayedai anajua kuzitofautisha anieleze anatumia kipimo gani, maana mimi ninayekula mshahara wa kazi hii sijawahi kuonyeshwa kipimo hicho.

Waingereza, ambao ndio waliotuachia kuendesha upande wa kushoto, hawakuliacha jambo hili hewani. Kanuni zao za barabarani, katika kifungu cha 110, zinasema taa hupigwa kumjulisha mwenzako kwamba upo, si kwa ujumbe mwingine wowote. Kifungu cha 111 kinaongeza kwamba usichukulie kamwe kuwa aliyekupigia taa amekualika upite. Kwa maneno mengine taa inafanya kazi ya honi, bila kelele. "Nipo hapa." Sasa mtu akikwambia yupo, wewe unasikia ameondoka. Masikio ya namna gani hayo?

Hapa ndipo mwanafunzi wangu anapokaza shingo. "Lakini mwalimu, huyu hakupiga taa tu. Alisimama kabisa, akanipungia, nikamwona kwa macho yangu."

Sawa. Chukua barabara yenye njia mbili kila upande, Mandela kwa mfano. Unatoka mtaa wa pembeni, unataka kuvuka ukate kulia. Kuna foleni. Lori lililo kwenye njia iliyo karibu nawe linasimama, dereva anatoa kiganja dirishani: pita, kijana. Ni ukarimu wa kweli, sina neno naye. Ila amekupa nini? Amekupa mita chache za lami zilizo mbele ya bampa lake, basi, kwa kuwa ndizo pekee alizo nazo. Njia ya pili si yake. Ni sawa na mpangaji kukukaribisha ulale chumba cha mpangaji mwenzake. Mara nyingi hata hajakigeukia kioo cha kulia, na angekigeukia, bodaboda anayepenya kati ya lori na magari ya njia ya pili huenda asionekane humo mpaka awe ameshafika usawa wa mlango. Wewe umezibwa na lori zima. Naye yule anayekuja anaona lori limesimama na anadhani ni foleni tu, kama foleni nyingine zote za Dar. Hesabu watu: mbali na wewe wako wawili, na anayejua kwamba unavuka ni mmoja, ambaye ndiye asiyeweza kukugonga.

Na bado kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kulifikiria hata siku moja. Ukiwa umekaa kwenye pikipiki, macho yako yako nyuma ya ncha ya tairi la mbele kwa kadiri ya mita moja. Tairi likijitokeza nje ya bampa la lori, macho bado yanatazama ubavu wa lori. Unaanza kugongeka kabla hujaanza kuona. Anayekuja kwa kilomita 50 kwa saa anakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mita moja ya upofu uliyoivuka kwa haraka, ukijiamini kwa sababu umepungiwa, inatosha kabisa. Ndiyo maana namwogopa zaidi dereva aliyepungiwa mkono kuliko asiyepungiwa. Asiyepungiwa anavuka kwa woga, anachungulia. Aliyepungiwa anavuta mafuta haraka, tena kwa adabu, asimcheleweshe mwenye lori.

Barabara ya Morogoro inaongeza chumvi. Katikati yake kuna njia za mwendokasi, na basi la mwendokasi halikai kwenye foleni yenu. Taa za makutano zikizimika, dereva wa daladala anakupungia uvuke, nawe unavuka kwa shukrani hadi mbele ya basi ambalo yeye hana mamlaka nalo na huenda hakulifikiria kabisa.

Baada ya kishindo, mtafute aliyekupungia. Hayupo, foleni imesogea na yeye amesogea nayo. Trafiki anapochora ramani ya ajali, anachora barabara kuu, mtaa uliotoka, alama za breki na mahali pikipiki ilipolala. Kiganja hakichorwi. Wewe uliyetoka pembeni ndiye uliyepaswa kumpisha mwenye barabara kuu, na wajibu huo hauhami kwenda kwa dereva wa lori eti kwa kuwa ana roho nzuri. Mkono wa kuongoza magari ni wa askari. Na hata askari akikuruhusu, mimi natazama pande zote kwanza, kwa sababu yeye anaongoza watu wanaomwona, na si wote wanaomwona.

Imani hii ya kupewa njia kwa ishara ina tawi lake la masafa marefu: indiketa za malori. Madereva wengi wamefundishana kwamba lori lililo mbele yako likiwasha kushoto, pita; likiwasha kulia, tulia, kuna gari linakuja. Utingo naye huongezea kwa mkono dirishani. Ni msaada wa kiungwana, na wapo wanaouishi kwa miaka bila kukwaruzika. Tatizo ni kwamba indiketa ya kushoto vilevile humaanisha lori linaenda kushoto, na ya kulia humaanisha linakata kulia, kule kule unakotaka kupitia wewe. Atakayekosea kusoma ni wewe, na atakayelala chini ni wewe.

Hata dereva wa lori akiwa mkweli kabisa, anakupimia nafasi kwa jicho lake wakati wewe unapanda kwa injini yako. Fanya hesabu mlimani, tuseme Kitonga. Semi-trela linapanda kwa kilomita 30 kwa saa, wewe na abiria wako mmekazana kufika 45. Tofauti ni kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne na kitu kila sekunde. Kulipita lori hilo, pamoja na nafasi ya nyuma na ya mbele, unahitaji kama mita 40, na hizo zinakugharimu sekunde 10 upande usio wako. Katika sekunde 10 hizo wewe unasonga mita 125, na gari linaloteremka kwa kilomita 60 linasonga zaidi ya mita 160. Jumla inakaribia mita 300 za barabara tupu. Nionyeshe mahali Kitonga ambapo dereva wa lori anaziona mita 300 mbele yake, nami nitaiheshimu indiketa yake.

Swali la pili linatoka kwa ndugu zetu wa wikendi, wenye pikipiki kubwa na makoti ya ngozi katika joto la Bagamoyo. Hawa wanataka kujua kama kutompungia mwenzako ni dharau, na wengi wameshaiga ile salamu ya kwenye video: mkono wa kushoto unashushwa chini, vidole viwili vikielekea lami. Wanaiita salamu ya kimataifa ya waendesha pikipiki. Wapo hata wanaonisimulia kwamba ilianzishwa mwaka 1904, pale William Harley na Arthur Davidson walipopishana njiani wakapungiana. Hadithi tamu. Wawili hao walikuwa wakiunda pikipiki pamoja Milwaukee, na kupungiana mikono hakukuhitaji kuvumbuliwa na mtu yeyote.

Salamu hiyo ni ya nchi wanakoendesha kulia. Marekani, Ujerumani, Ufaransa: huko anayekuja anakupita kushoto kwako, na mkono wa kushoto, ambao hauna mafuta wala breki, uko upande wake. Hapa kwetu anakupita kulia. Ukishusha vidole vyako viwili vya kushoto Bagamoyo, umeusalimia mtaro na muuza machungwa. Ukitaka salamu hiyo iwe na maana, vuka daraja la Rusumo uingie Rwanda, ambako magari yanahamia upande wa pili. Wapo waliokwishaligundua hilo na wakalitibu kwa dawa mbaya kuliko ugonjwa: wanapunga mkono wa kulia. Mkono wa kulia, waheshimiwa, ndio wenye mafuta na ndio wenye breki ya mbele, inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde mbili za kupunga ni mita 33 bila breki ya mbele, injini ikijivuta na usukani ukishikwa upande mmoja. Kwa ajili ya mtu usiyemjua jina. Waingereza, wanaoendesha kushoto kama sisi, wengi wao huinamisha kichwa kidogo tu. Wafaransa nao wakipishwa na gari hunyoosha mguu wa kulia kushukuru, kwa sababu mkono wa upande huo una shughuli. Watu hawa wameangalia kwanza kiungo kipi hakina kazi, ndipo wakakipa salamu.

Nafasi inaisha, kwa hiyo nakimbia. Mwenzako anayekuja: mwinamishie kichwa kidogo. Aliyekupisha umpite: yuko kushoto kwako, basi mkono wa kushoto unamfaa sana, lakini uinue ukishamaliza kumpita na pikipiki imenyooka, si kwenye kona, si kwenye mashimo, si wakati unakaribia kubadili gia au kusimama. Usiyejibiwa salamu usinune. Huenda mwenzako alikuwa ameshika klachi, au alikuwa anatazama barabara, jambo ambalo si kosa.

Ukipigiwa taa: achia mafuta, tazama stendi, tazama nguo ya abiria, tazama mbele, na uendelee kufanya ulichokuwa unafanya kama ni halali. Ukipungiwa uvuke: mshukuru, jongea kwa miguu chini, simama ncha ya bampa lake, egemea mbele mpaka macho yavuke lori, ndipo uamue. Usipoona, kataa. Tikisa kichwa, mwonyeshe aende yeye. Atasonya; msonyo hauna jeraha. Wewe ukitaka kumpisha mtu, simama tu. Usimpungie. Mwache atazame mwenyewe, maana ukimpungia hatatazama. Mtembea kwa miguu kwenye zebra ni hivyohivyo, na mtoto wa shule zaidi, kwa sababu mtoto akipungiwa anakimbia. Indiketa ya lori isome kama indiketa. Honi, moja fupi, kabla ya kumpita mtu asiyekuona, na si kila unapoona abiria.

Na kuhusu bajaji, nimeulizwa kama nazo zina haki ya kusalimiwa kwa kuwa zina magurudumu matatu, na maguta ya mizigo vilevile. Nani amewatoa kwenye ukoo? Wananyeshewa kwenye mvua ileile na wanabanwa na fuso zilezile. Wasalimie. Ila dereva wa bajaji asiponyanyua mkono mwelewe: wa kulia una mafuta, na wa kushoto una klachi pamoja na gia zote.