Blanketi la Nyumba Liwe Nene Kiasi Gani?

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kuondoka shuleni,

Miongoni mwenu wako watakaokwenda kukaa katika nchi za baridi, na wengine wamekwisha kufika. Mimi nakaa Minnesota, kaskazini ya Marekani, ambako wakati wa Januari maziwa huganda hata watu hutembea juu yake. Huku tanuru la kupasha nyumba joto hula sehemu kubwa ya mshahara, na fedha iliyoliwa na tanuru haiwezi kufika nyumbani ikawa karo ya mtoto. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajue hesabu hii.

Joto huenda penye baridi siku zote. Ili lisitoke upesi kwa juu, watu hutandaza juu ya dari, chini ya paa, sufu iliyofanywa kwa kioo, au karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Vitu hivi havina joto lao wenyewe. Kazi yao ni kuishika hewa itulie, maana hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndivyo lifanyavyo blanketi kitandani.

Nguvu ya kuzuia joto hupimwa kwa kipimo kiitwacho R, nacho huandikwa juu ya mfuko dukani. Inchi moja ya karatasi zilizosagwa ina R 3.5 hivi.

Sasa tufanye hesabu. Kwanza, pima eneo la dari. Pili, panda darini na rula upime unene wa sufu iliyopo. Tatu, tafuta tofauti ya joto la ndani na la nje. Zidisha eneo kwa tofauti hiyo, kisha gawanya kwa R. Jibu ni joto lipitalo darini kwa saa moja.

Tuseme dari ina futi za mraba 1,000. Ndani ni nyuzi 68 za Fahrenheit, nje ni 8. Tofauti ni 60. Sufu ya zamani ni inchi 3 na nusu, yaani R 11. Basi 1,000 mara 60, gawanya kwa 11, ni karibu 5,450. Kila kimoja katika hivyo ni joto litoshalo kuongeza nyuzi 1 katika ratili moja ya maji.

Ukiongeza inchi 14 za karatasi, umeongeza R 49, na jumla ni R 60. Joto lipotealo sasa ni 1,000 tu. Umeokoa 4,450 kila saa.

Je, ukiongeza inchi 14 nyingine? R itakuwa 109, na joto lipotealo 550. Gharama ni ile ile, lakini umeokoa 450 tu, sehemu moja katika kumi ya faida ya kwanza. Hapo ndipo mwenye akili hukoma. Serikali ya Marekani nayo hushauri karibu R 60 kwa sehemu zenye baridi kama hii.

Lakini kabla ya kununua mfuko hata mmoja, ziba matundu ya darini yapitayo nyaya na mabomba, kwa kuwa upepo utokao tunduni hauzuiwi na sufu. Wala usizibe nafasi za hewa zilizo kandokando ya paa. Unyevu ukikosa njia ya kutokea, mbao huoza.

Huko kwetu Uganda mambo ni kinyume: mchana joto huingia kutoka kwenye mabati. Hata hivyo mgawanyo ni ule ule. Nyumba isiyo na kizuizi chochote hupata faida kubwa kwa inchi za kwanza, na kila inchi ifuatayo huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Basi pimeni kwanza, ndipo mnunue.

Mwanafunzi wa zamani