Kamba Fupi, Juu ya Kichwa

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, hospitali za kisiwa hicho hupokea walioanguka mikarafuu. Jambo lenyewe limezoeleka kiasi kwamba Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar (ZSTC) limekuwa likiwalipa fidia wachumaji waliopata ajali hizo. Fidia ni haki yao, ila huja mfupa ukishavunjika. Kinachoweza kumwokoa mchumaji kabla hajafika chini ni mkanda wa usalama, tena ukifungwa ipasavyo.

Mkarafuu mkubwa hufika mita 10 na zaidi. Anayeanguka kutoka urefu huo hutua baada ya sekunde moja na nusu hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Vishada vya karafuu hukaa nchani mwa matawi, na tagaa la mkarafuu hukatika ghafla, hasa likiwa limelowa mvua. Mtazame mchumaji akiwa kazini: mkono mmoja umeshika upembo unaovuta tawi, wa pili unachuma, na malipo yake yanapimwa kwa pishi. Hana mkono wa tatu wa kujishikia.

Wapo wanaojifunga kamba kiunoni. Nia ni njema, lakini kamba hiyo ikimdaka mtu, nguvu yote huangukia tumbo, mbavu na uti wa mgongo. Marekani ilipiga marufuku tangu tarehe 1 Januari 1998 kutumia mikanda ya kiuno kuwadaka wafanyakazi wanaoanguka. Mkanda unaofaa ni wa mwili mzima, unaozigawa nguvu hizo kwenye mapaja, nyonga, kifua na mabega.

Kuuvaa kunahitaji utulivu. Ushike kwa pete ya chuma ya mgongoni, uutikise mpaka mikanda yake ining'inie bila kusokotana, kisha uuvae mabegani kama koti. Pete ikae kati ya mafupa mawili ya mabega. Mikanda ya mapaja ndiyo inayoachwa mara nyingi kwa sababu ya joto na haraka, na bila hiyo mtu anaweza kuchomoka kwa chini. Kaza kila bizimu mpaka kiganja kilichonyooshwa kipite kati ya mkanda na paja, lakini ngumi isipite. Mkanda wa kifua ukae katikati ya kifua. Ukipanda karibu na shingo utakukaba siku utakapokudaka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaelezwi. Vifaa vya mafundi wa minara na majengo huja na kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko, yaani utepe ulioshonwa kwa kukunjwa, unaofumuka taratibu mtu anapoanguka. Utepe huo unaweza kurefuka kwa mita 1.75. Ongeza mita moja na nusu kutoka pete ya mgongoni hadi nyayoni, na mita moja ya tahadhari: unahitaji zaidi ya mita 6 zilizo wazi chini ya pale ulipofunga. Mchumaji aliyeko mita 5 juu hana nafasi hiyo. Atafika ardhini, au atagonga matagaa ya chini, kabla kifaa hakijamaliza kazi yake.

Kwa hiyo juu ya mkarafuu tunatafuta kamba inayomzuia mtu asianguke kabisa. Ifungwe juu ya kichwa, kwenye shina nene lililo hai, ikipita juu ya panda ili isiteleze kushuka, na ibaki imekazwa muda wote. Viwango vya Ulaya hutaka mahali pa kufungia pahimili kilonewtoni 12, sawa na uzito wa kilo 1,200 hivi. Tawi unaloliinamisha kwa upembo lisitegemewe hata kidogo. Ukihama, tumia kamba mbili: funga ya pili kwanza, ndipo ufungue ya kwanza. Kazi itakwenda polepole, na pishi za siku zitapungua kidogo. Naona bei hiyo inalipika.

Kagua mkanda kila asubuhi. Jua la Pemba huchosha nyuzi na hewa ya chumvi hula vyuma. Uzi uliokatika, rangi iliyopauka au kulabu isiyojifunga yenyewe yatosha kuuweka pembeni. Uliokwishamdaka mtu ukatwe vipande, asije mwingine akautumia.

Tena, mtu asipande peke yake. Anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama miguuni, na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, kisha kufa. Ngazi na mwenzake anayejua kumteremsha wawe pale pale shambani. Akiwa bado na fahamu, aingize mguu kwenye kitanzi cha kamba na kujisukuma juu mara kwa mara.

Wenye mashamba, nanyi mnaokodi mikarafuu ya Serikali: kabla ya msimu mnanunua magunia na majamvi na kutengeneza ngazi. Ongezeni mikanda ya mwili mzima kwenye hesabu hiyo, na mchumaji asiruhusiwe kukanyaga tagaa la kwanza kabla bizimu zote, za mapaja zikiwemo, hazijakazwa.