Kasigau: Kiwewe Kinapoletwa Mbele ya Wakili

Wakili anayekwenda Kasigau, eneo la mlima katika Kaunti ya Taita-Taveta, Kenya, na faili ya kesi ya shamba hujikuta akisimuliwa mambo ya mwaka 1915. Agosti ya mwaka huo, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Wajerumani waliuteka mlima huu. Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa wamewasaidia maadui, wakawahamishia Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi. Waliosalia hawakurudi hadi miaka ya 1930. Msuluhishi anayemkatiza mzee ili asimulie ya leo tu hajajua anasuluhisha nini.

Pana jeraha bichi zaidi. Novemba 2023 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi na shirika la haki za binadamu la KHRC la Kenya walichapisha madai ya wanawake kwamba walinyanyaswa kingono katika mradi wa biashara ya hewa kaa unaoendeshwa hapa na kampuni ya Wildlife Works. Kampuni ilisema uchunguzi iliouagiza ulibaini mwenendo mbaya wa watu wawili, ikakanusha kwamba tatizo limeenea.

Mwanamke mwenye madai ya aina hii huenda akaulizwa na mtafiti, kisha wakili, polisi na mwandishi wa habari. Kila mara moyo humwenda mbio na tarehe zikamchanganya. Kiwewe ndivyo kilivyo: mtu hukumbuka vizuri sauti ya mlango ukifungwa, asikumbuke ilikuwa mwezi gani. Wakili asiyelijua hili humwita mwongo.

Sheria imeliona. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamruhusu shahidi aliye hatarini kutoa ushahidi akiwa amekingwa, au kupitia mtu wa kumsaidia. Katiba nayo, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi, nami nauunga mkono katika mizozo ya mipaka na mirathi. Lakini kumketisha aliyeumizwa meza moja na anayemwogopa, ati mambo yaishe nyumbani, ni kumuumiza upya. Kesi ya ubakaji ipelekwe mahakamani.

Na wanaosikiliza? Karani, mkalimani, wakili na msuluhishi hurudi nyumbani na simulizi hizo za maumivu. Usingizi hupotea, hasira huangukia watoto, na wengine hukimbilia chupa. Daktari wa akili hulitambua hili. Ofisi nyingi za sheria hulichukulia kama udhaifu.

Mahakama na Chama cha Mawakili, tengeni fedha za ushauri nasaha kwa watu hawa, kuanzia vituo vya mahakama vya mashambani kama cha Voi. Nawe wakili kijana, ukiona usingizi umekukimbia, tafuta mshauri kabla ya kupokea faili nyingine.