Koili au Antena? Istilahi Moja ya Mashine za MRI
Msikilizaji wa redio katika mabonde ya Lushoto aijua hali hii: akiisogeza redio hatua moja, sauti hufifia, akiisogeza tena, hurejea. Mawimbi yanayoakisiwa na milima ya Usambara hukutana, yakaimarishana au kudhoofishana.

Mashine ya MRI nayo hurusha mawimbi ya redio mwilini kupitia koili. Katika uga wa sumaku wa tesla 1.5, wimbi la megahezi 64 hukipita kichwa kwa urefu. Jina koili latosha. Katika tesla 7, wimbi la megahezi 298 hufupika ubongoni hadi sentimeta 13 hivi, na sehemu za picha huingia giza. Hivyo wabunifu hukizungushia kichwa virushio kadhaa, kila kimoja kikipangiwa wakati wake. Hapo koili imekuwa antena. Istilahi nayo haina budi kufuata utendaji.