Lushoto: Mji mdogo wa mlimani na historia ndefu ya kuitunza ardhi ya miteremko

Mji mdogo wa Lushoto, makao makuu ya Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga, upo katika Milima ya Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Msafiri anayetoka Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, hupanda kwa kona zisizohesabika umbali wa zaidi ya kilometa 30, akipita maporomoko ya maji ya Soni, hadi joto la tambarare linapoachwa nyuma na hewa ya baridi kuingia dirishani. Pande zote za barabara yapo mashamba madogo yaliyopangana juu ya miteremko ambayo mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje hapo na jembe mkononi.

Katika mji huu na vijiji vinavyouzunguka, matangazo ya Serikali kuhusu hifadhi ya ardhi, misitu na vyanzo vya maji husikilizwa kwa makini, lakini pia kwa kumbukumbu. Wananchi wa Lushoto wameelekezwa namna ya kulima tangu enzi za babu zao. Baadhi ya maelekezo hayo waliyapokea na yapo hadi leo mashambani; mengine waliyakataa hadi yakafutwa. Ili kuelewa tofauti hiyo hainabudi kurejea nyuma kidogo.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Wasambaa, utawala wa milima hii ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa wenyeji na kupewa vyakula vya shambani, kisha akafanywa mtawala huko Vuga, si mbali na Soni ya leo. Kutoka kwake walitokea Wakilindi, ukoo wa watawala waliofahamika kwa jina la Simba Mwene. Historia yao imehifadhiwa katika kitabu cha Kiswahili, Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapishwa upya mwaka 1962. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia vilivyoandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili, na kinastahili wasomaji wengi zaidi ya kilionao.

Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha utawala. Mtawala mwema ni yule aliyeweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mvua inyeshe kwa wakati, chakula kipatikane na watu wakae kwa amani. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Wataalamu wa historia, akiwamo Steven Feierman aliyeishi na kutafiti katika eneo hili, wameeleza kuwa kwa Wasambaa mvua na siasa havikutenganishwa: watawala walipogombana wao kwa wao, nchi iliharibika, na mkulima ndiye aliyelala njaa.

Kipimo hicho kilionekana wazi baada ya Kimweri ye Nyumbai. Huyu ndiye mtawala aliyepokea ugeni wa mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, wakati himaya yake ikienea kutoka milimani hadi karibu na pwani. Alipofariki katika miaka ya 1860, ugomvi wa urithi ulizuka. Semboja wa Mazinde, aliyekaa kwenye njia ya misafara bondeni na kupata bunduki kwa biashara, akawa na nguvu kuliko waliokaa Vuga. Vita na biashara ya watumwa vilifuata. Wajerumani walipofika, waliikuta nchi iliyokwisha kugawanyika.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo, na mwaka 1897 watawa wa Kikatoliki wa shirika la Trappist wakaanza kazi Gare. Utawala wa Kijerumani uliichagua Lushoto kuwa kituo chake cha wilaya kwa sababu ya hali ya hewa iliyowafaa Wazungu, ukaipa jina la Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm II. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na milima ikafungukia soko la nje. Huko Shume walikata mitarakwa na kuishusha bondeni kwa waya wa juu uliopita juu ya magenge hadi Mkumbara. Majeshi ya Uingereza yaliingia mjini Juni, 1916. Jina la mfalme likaondoka na la wenyeji likarudi. Misitu iliyokatwa haikurudi kwa wepisi huo.

Sehemu ya historia ambayo ingali hai zaidi katika mazungumzo ya wazee ni ile ya matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watawala wa Kiingereza waliona mmomonyoko wa udongo ukiongezeka milimani. Katika hilo hawakukosea: watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamepanda juu zaidi, na mvua za masika zilikuwa zikiteremsha udongo mwekundu mitoni. Mwaka 1946 mradi ulianza katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Amri zilitolewa: kila kaya ichimbe matuta katika sehemu ya shamba lake, miteremko mikali isilimwe, mifugo idhibitiwe. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa.

Upungufu ulikuwa katika hesabu ya nguvu kazi. Kuchimba matuta mlimani ni kazi nzito, na katika kaya nyingi mwenye jembe ni mwanamke, ambaye tayari analima, anapalilia, anateka maji na kuokota kuni. Wanaume wengi walikuwa wakifuata vibarua katika mashamba ya mkonge bondeni. Tena matuta yalitakiwa hata pale ambapo mkulima aliona hayana faida kwa zao lake. Kadhalika, wananchi waliogopa kwamba shamba likishajengwa kwa amri ya Serikali, siku moja Serikali hiyo hiyo ingesema ni lake. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga kwa watu walioshuhudia ardhi ya babu zao ikigeuzwa mashamba ya walowezi na hifadhi za misitu.

Watawala wa jadi waliotumika kusimamia amri hizo walipoteza heshima, na lugha ya zamani ikarudi: ilisemwa kwamba wanaibana nchi. Upinzani wa matuta ukaungana na harakati za kudai uhuru, na wengi wa waliokataa kuchimba wakawa wanachama wa TANU. Mwaka 1957 mradi ulisitishwa. Udongo ukaendelea kuteremka, na kwa miaka mingi iliyofuata neno hifadhi lilibaki na harufu ya ukoloni.

Ndiyo maana mradi uliofuata, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP na kutekelezwa kuanzia mwaka 1981 hadi 2000 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, ulilazimika kuanza na mazungumzo. Uliingia kwa njia ya malisho. Wakulima walihimizwa kupanda mistari ya majani ya guatemala na matete kukingama mteremko. Majani hayo huzuia udongo, ukajijenga taratibu juu ya mstari hadi ngazi ikatokea bila kuchimbwa yote kwa mkono. Yakikatwa, ng'ombe aliyefungiwa bandani hupata chakula, na samadi yake hurudi shambani. Pembeni ilipandwa migrevilea ya mbao na kuni. Mkulima alipata faida yake mwenyewe kabla ya taifa kupata yake, na huenda hiyo ndiyo sababu mistari hiyo bado inaonekana katika mashamba mengi, ingawa si yote.

Jaribu jingine lilitoka ndani ya nyumba. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni uliripotiwa wilayani Lushoto, ukaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20 na kuambukiza maelfu ya watu. Wataalamu walihusisha ugonjwa huo na viroboto wa panya, mahindi yaliyohifadhiwa darini au ndani ya vyumba, na desturi ya kulala sakafuni. Elimu ya afya ilipaswa kugusa mambo ya faragha ya kaya: mahali pa kulala, mahali pa kuweka akiba ya chakula, namna ya kutangaza kifo cha panya wengi kwa wakati mmoja. Hatua hizo zilihitaji viongozi wa vitongoji wanaoaminika, kwa kuwa hakuna mgeni anayeruhusiwa kirahisi kukagua kitanda cha mtu.

Leo Lushoto ni mji wa shule, ofisi, misikiti, makanisa na soko. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, huleta wanafunzi kutoka mikoa yote, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania ina kituo chake hapa. Siku za gulio, kina mama hushuka na mizigo kichwani tangu alfajiri: karoti, kabichi, njegere, viazi mviringo, nyanya katika matenga, na katika msimu wake plamu, peasi na mafyulisi. Malori huzipeleka Tanga na Dar es Salaam. Bei hupangwa zaidi na walanguzi kuliko na mkulima, na mvua kubwa zikiangusha mawe au udongo barabarani kati ya Mombo na Soni, mboga huozea gulioni.

Mboga hizo hulimwa zaidi katika mabonde, kando ya vijito, na hapo ndipo tangazo linapokutana na tumbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Katika tambarare, mita 60 ni ukanda mwembamba. Katika mabonde membamba ya Lushoto, mita 60 kila upande zinaweza kuwa bonde zima, pamoja na shamba linalosomesha watoto. Hata hivyo, vijito hivyo vinavyotoka katika misitu kama Magamba ndivyo vinavyowanywesha wakazi wa mji, kisha kuelekea Bonde la Mto Pangani, ambako wapo wakulima wengine na mitambo ya umeme. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri mamlaka ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika ndani ya eneo hilo, na hivyo mwananchi anaposikia katazo anayo haki ya kuuliza ni shughuli ipi inayokatazwa na ipi inayoruhusiwa kwa masharti.

Mahali pa kuuliza papo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hauwezi kuwa halali bila kupitishwa na mkutano huo, kwa mujibu wa sheria za ardhi za vijiji na za mipango ya matumizi ya ardhi. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliopo sasa walichaguliwa Novemba 27, 2024. Mkulima mwenye shamba kando ya kijito anaweza kuomba, mkutanoni, ofisa kilimo na ofisa mazingira wa halmashauri wafike shambani kabla ya masika, mipaka ipimwe mbele ya majirani, na makubaliano yaandikwe katika muhtasari wa kikao.