Magazinie wa kompyuta na hesabu ya watoto wetu

Kila mwisho wa mwezi, mu centre de santé za Kamina, infirmier anafungua registre na kuanza kuhesabu. Watoto wangapi walikuja na malaria? Wangapi walichanjwa surua, ile tunaita rougeole? Anaandika hesabu ku karatasi, karatasi inaenda ku bureau central ya zone de santé, na kule inaingizwa mu kompyuta. Programu yenyewe inaitwa DHIS2. Njo ile inchi yetu inatumia kukusanya habari za afya toka mu zone de santé zake.

Mama moja wa kambi ya wachimbaji anaweza kuuliza: "Ile kompyuta inajua mutoto wangu?" Swali hilo si la kuchekelea. Mu 2015 surua ilipiga sana Katanga ya zamani, na Malemba-Nkulu, hapa kwetu Haut-Lomami, ilikuwa kati ya fasi za kwanza. Kisha mu 2019 ikaenea inchi nzima, na mu Januari 2020 OMS ilisema watu zaidi ya 6.000 wamekwisha kufa. Chanjo inatumwa kwa kufuata hesabu. Hesabu ikipotea njiani, mutoto njo analipa.

Basi tuone namna hesabu inavyokaa mule ndani. Tuanze na kitu tunachojua sisi wote: magasin ya kazi. Casque iko ku etajeri moja, bottes ku ingine, lampe ku ya tatu, na kila kitu kina namba. Asubuhi hauingii mwenyewe kutafuta. Unasimama ku dirisha, unatoa namba yako, unasema: "Nipe vyombo vyangu." Magazinie anazunguka na kukuletea vyote pamoja. Jioni unamurudishia, naye anajua kila kimoja kinarudi wapi.

Depo ya habari ya kompyuta imepangwa vile vile. Mu 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyetumika ku IBM kule Kalifornia, alionyesha namna ya kuweka habari mu tablo mbalimbali, zenye kushikana kwa namba. Mu DHIS2 kuko tablo ya fasi, tangu province mpaka centre de santé. Kuko tablo ya mambo yanayohesabiwa, na tablo ya wakati. Kisha kuko tablo kubwa ya hesabu zenyewe. Mule, 14 peke yake haiseme kitu. Lakini pembeni yake kuko namba ya fasi, namba ya jambo na namba ya mwezi. Ukiziunga, njo unasoma: watoto 14 walichanjwa surua, mu centre fulani, mu mwezi fulani.

Mupango huo ni muzuri. Jina la centre likiandikwa vibaya, unalisahihisha fasi moja tu, na kila fasi inakuwa sawa. Lakini unachokesha mwenye kuandika programu. Kwa kila swali, hata dogo, ni lazima aseme: toka tablo hii, unga na ile, chagua mustari huu. Akikosea kuunga, hesabu ya Kamina inaweza kuonekana kama ya Bukama.

Njia ingine ilitokea Oslo, inchi ya Norwe. Mu 1967, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walileta Simula 67, lugha ya kompyuta yenye kufikiri kwa vitu. Kitu kinabeba pamoja habari zake na kazi zake. Programu haishike tena namba zenye kutawanyika. Inashika centre de santé nzima, yenye jina, yenye zone yake, yenye kujua kutoa rapport yake. Huyu Nygaard tumukumbuke sisi watu wa mugodi: mu miaka ya 1970 alitumika na sendika ya wafanyakazi wa chuma wa Norwe, ili waelewe kompyuta zinazoletwa ku kazi na wao pia watoe neno.

Sasa, depo inajua tablo, programu inajua vitu. Kati yao kunahitajiwa magazinie. DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa kufuata kazi iliyoanza Afrika Kusini mu miaka ya 1990, inatumia magazinie anayeitwa Hibernate, aliyeanzishwa na Gavin King mu 2001. Mwenye programu anamuonyesha mara moja: jina linakaa mu tablo hii, zone mu ile. Kisha anasema tu: "Nipe centre hii." Hibernate mwenyewe anaandika maswali kwa SQL, lugha ya depo, na kuleta kitu kizima. Kikibadilishwa, anakirudisha ku etajeri yake.

Lakini magazinie naye ana uzaifu wake. Umwombe vyombo vya watu 30, anaweza kuenda na kurudi mara 30, kumbe kigari kimoja kingetosha. Njo maana, kwa hesabu kubwa za inchi nzima, waandikaji wa DHIS2 wanapita pembeni yake, wanaongea na depo moja kwa moja kwa SQL. Ni hekima: dirisha ni kwa kazi ya kila siku, lakini muko lazima watu wenye kujua etajeri.

Turudi kwa yule mama. Jibu ni hapana: mu rapport ya mwezi, kompyuta haijui jina la mutoto wake. Inajua 14. Hakuna magazinie, hata awe na akili namna gani, anayeweza kuleta kitu ambacho hakikuwekwa ku etajeri. Mutoto asiyefika ku centre hayuko ndani ya ile 14. Na watu wakihamia karier mupya kwa wingi, hesabu ya wakaaji inaweza kubaki ile ya zamani. Chanjo inaonekana kama imetosha, kumbe watoto wamebaki inje.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kuhama na familia kufuata cassitérite ao coltan, ukifika fasi mupya, peleka mutoto ku centre ya karibu, aandikwe pale. Na ile karte ya chanjo, mama aichunge pamoja na feza. Ku kompyuta mutoto ni moja kati ya 14. Ku karte ana jina lake, na tarehe ya kila sindano.